Barua Isiyo na Mwisho

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, ila bati la jikoni bado linavuja. Shuleni wametuletea kompyuta na projekta, na sisi wazee tumeamriwa kufundisha kwa mtandao. Jana nilitaka kuonyesha ramani ya mito, nikabonyeza kusikohusika. Ukutani ikatokea barua pepe hii, niliyoianza mwaka juzi kwenye simu: “Nisamehe kwa maneno niliyokutolea kwenye msiba wa mama.”

Darasa langu nimelizoesha mwenyewe: kinachotokea ubaoni au ukutani husomwa kwa sauti, kisha hunakiliwa. Wakasoma. Wakanakili wote arobaini na wawili, kwa mwandiko safi.

Kiranja akanyoosha mkono. “Mwalimu, mbona haina mwisho?”

Kesho wanafunzi wanakagua kama nimeimaliza.

Nisamehe, mdogo wangu. Ukijibu, tumia herufi kubwa. Wanaokaa nyuma hawaoni vizuri.

Kaka yako