Salamu Uliyoigeuza Kuwa Ridhaa

Bondeni,
Kyela.
Ijumaa, 9 Mei 2025.

Mpendwa mpwa wangu Kheri,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta huko Dodoma ukiwa mzima, na kile kifua kilichokusumbua kimepona. Sisi hatujambo. Mvua imetuzidi, maji yameingia hadi sebuleni kwa jirani, lakini mpunga wa Makwale umesimama vizuri.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kila nikipiga simu anapokea msaidizi wako Erick, na kila mara Mheshimiwa yuko kikaoni.

Nina hasira, na nitakueleza kwa nini. Jumanne nilikuwepo ufukweni mwa ziwa ulipokuja na yule mwekezaji wa hoteli. Asifiwe na wafinyanzi wenzake walipokukaribia, walichuchumaa wakapiga makofi taratibu. Wewe ukashika kipaza sauti, ukasema, "Mnaona wenyewe, akina mama wameridhia!" Msafara wako ukashangilia. Jioni redio ikatangaza kwamba wafinyanzi wamemwachia mwekezaji shimo lao la udongo wa kufinyangia.

Kheri, ile ni salamu. Mwanamke wa huku humchuchumalia na kumpigia makofi hata mkwe asiyempenda. Mgeni angeweza kukosea. Lakini wewe umezaliwa hapa, umekulia dukani kwa baba yako, na wateja wa Kikisi, wa kabila la wafinyanzi hawa, walikuwa wakimwamkia hivyo mbele ya macho yako kabla hujaota meno.

Nikukumbushe jambo. Ulipotoka Mbeya ukiwa wakili mpya, hukuwa na mteja hata mmoja. Tajiri mmoja alitaka kulizungushia ua shimo lile lile, na akina mama hao ndio waliokuamini. Uliliambia baraza la ardhi kwamba haki ya kimila ina uzito sawa na ya mwenye hati, na kwamba ridhaa ya wanakijiji hutolewa kwenye mkutano wao, haiokotwi njiani. Nilikuwepo. Nilijivuna hadi nikawachosha majirani. Kesi ile ndiyo iliyolifikisha jina lako Njisi na Makwale, na jina hilo ndilo lililokupa kura.

Mtu asiyejua sheria ningekaa naye nikamwelimisha. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Wewe nikuelimishe nini? Ulijua, ukasema uongo.

Ulipoondoka, Asifiwe alinifuata. "Mwalimu, mpwa wako anasema hoteli itatupa kazi. Tutakuwa tunafinyanga mashuka?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Sina shamba mimi. Nina shimo lile tu."

Mkutano mkuu wa kijiji ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wanakijiji wataamua kama shimo libaki au liende kwa mwekezaji, na wengine wameanza kusema hakuna haja ya kubishana, maana akina mama wenyewe wamekwisha kukubali. Hayo ndiyo matunda ya maneno yako. Akina mama wameniomba nizungumze, na mwenyekiti, Andongwisye, ameniruhusu ingawa mimi ni mtu wa mjini. Nitaeleza salamu ile ni nini. Kisha nitayarudia uliyoyasema barazani, neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka, na nitawaambia yalikuwa ya nani.

Ukitaka kunipinga, njoo unipinge nikiwa nimesimama. Ila ningependa zaidi uje bila msafara, uwaambie watu kwamba hukupewa ridhaa yoyote. Ni sentensi moja tu. Ukiisema, nitakuja kukushika mkono mbele ya wote. Usipoisema, nitaisema mimi, na ujue nitaisema nikiwa mjomba wako.

Mke wangu Bibie anakusalimu sana. Philemon, jirani yetu, naye anakuulizia. Mama yako nilimuuliza kama ana salamu za kukutumia. Akaendelea kuchambua mchele, halafu akasema, "Nikimsalimu, si atawatangazia watu kwamba nimekubali?"

Mungu akupe afya, na akurudishie haya.

Mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukukasirikia,
Zubery