Panya Wamepona, Mama Bado

Nyumba za Wafanyakazi, Mlango wa Mwisho,
Nyuma ya Maabara.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka Mheshimiwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi hajambo, na wale wawili wanaoniita Shangazi Panya hawajambo? Mara ya mwisho tulipoongea kikohozi kilikuwa hakijakuachia, na ninavyokujua, bado unapanda juu ya hayo malifti yako shingo wazi. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, kazini nafika kwa wakati. Kichwa tu ndicho kimejaa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Utashangaa kuandikiwa wakati simu zipo. Kwenye simu hunisikilizi, kaka. Nikianza kusema unacheka, nikinyamaza unasema nimenuna, nikikasirika unaniambia haya mdogo wangu, wasalimie panya, halafu unakata. Barua haikatiki. Keti uisome mpaka mwisho, kisha ucheke kama utaweza.

Naanza na ile video. Niliituma kwako peke yako: panya wetu weupe wakikwea waya za kizimba kufuata chakula kilichowekwa juu. Wiki chache kabla ya hapo walikuwa hawawezi hata kukanyaga. Mtunza panya wetu, ambaye tunamwita Baba Wote kwa jinsi anavyowaongelesha, alikuwa amewahamishia chakula sakafuni, maana panya mwenye vifundo vilivyovimba ukimlazimisha kukwea ndipo ale, atalala na njaa. Siku aliyokirudisha chakula juu, na wao wakakifuata, tulikumbatiana mle ndani na magauni yetu ya kazi. Nikakurushia furaha yangu. Chini yake nikaandika: usimpe mtu.

Uliiweka kwenye grupu la familia kabla chai yangu haijapoa. Na chumvi ukatia mwenyewe: mdogo wangu amepata dawa ya viungo, mama vumilia, iko njiani. Mashangazi na mabinamu wakamimina maua na pongezi. Ulinivisha kilemba cha ukoka, na sitakuficha, nilikivaa siku nzima.

Sasa nikueleze wale panya ni kina nani, kwa sababu miaka yote hii hujawahi kuniuliza, umebaki kunitania tu. Panya hawa hawaji kwetu wakiwa na baridi yabisi. Sisi ndio tunaowatia. Tunawachoma sindano yenye kitu kilichotolewa kwenye gegedu, ule utando mgumu unaozuia mifupa isisagane, na kinga ya mwili wao inachanganyikiwa, inaanza kushambulia viungo vyao yenyewe. Ndivyo ya mama inavyofanya. Kisha tunapiga kura. Vizimba hivi vitapata dawa, vile vitapata maji ya chumvi. Wale wa maji nao tunawapima kila asubuhi, miguu yao tunaibana taratibu kwa kikoleo kidogo cha kupimia, tunaandika jinsi wanavyozidi kuharibika. Bila wao huwezi kujua dawa imefanya nini. Siipendi kazi hiyo, kaka. Naifanya kwa ajili ya mama, na nilidhani unajua.

Jambo jingine ambalo video haikukuonyesha: panya wote wale walikuwa madume, tena vijana, rika moja, ukoo mmoja. Ndivyo bosi wangu anavyowataka. Anasema majike homoni zao hupanda na kushuka, zinamchafulia majibu. Nikamwambia, Daktari, wanaojaa kwenye mabenchi ya kliniki ya viungo ni akina mama, wengi ujana umeshawapita, na sisi humu tunatibu wavulana. Alinitazama kama nimemwagia uji kompyuta yake. Nikamganda. Kila alipotoka ofisini alinikuta mlangoni, mpaka akakubali, nadhani kwa kuchoka kuniona tu. Tukaleta majike wakubwa waliokwisha kuzaa, tukawatia ugonjwa uleule, tukaanza kuwapa dawa ileile.

Wakati majike wakiwa bado kwenye dawa, nikaomba likizo fupi nikaenda kwa mama.

Alinipokea kwa kelele zake zilezile, ila mlango hakunifungulia yeye. Alimwita shangazi aje afungue, eti yeye yuko bize. Bize wapi. Komeo limemshinda. Vidole vimevimba kwenye vifundo vile vikubwa, na vya mkono wa kulia, mkono wa mkasi, vimeanza kulalia upande mmoja. Cherehani ameifunika shuka. Mama huyu aliyetushonea sare mpaka tukamaliza shule, ambaye ukichelewa kuvua suruali iliyochanika alikuwa anakushonea ukiwa umeivaa, sasa anawarudisha wateja mlangoni na kuwaambia umeme unasumbua.

Jioni akanitolea shati lako. Lile la kila mwaka, ambalo huko uliko madukani yamejaa mengine lakini yeye haambiliki. Alilishona kabla hajaifunika cherehani, bado vifungo tu. Akaniomba nimsaidie vile vya chini kwa sababu macho yamechoka. Macho, sio vidole. Nikaenda kwenye lile kopo la bati la biskuti anamoweka vifungo, nikatumbukiza mkono kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, na chini ya vifungo nikashika kitu kingine. Vidonge vyake vya kliniki. Vile vidogo vya njano anavyotakiwa kunywa kila Jumamosi. Vimo kwenye karatasi zake, havijaguswa tangu ile video yako. Shangazi alikuwa akimuuliza kila wiki kama amekunywa, naye akijibu ndiyo bila hata kupepesa macho.

Nilipomwekea mezani hakukana. Alisema vinamtapisha Jumapili nzima, na kwa kuwa wewe umesema yangu iko njiani, ajitapishe kwa kazi gani? Nikamwambia mama, ile ni dawa ya panya tu. Akanijibu, dawa ya panya ninayoijua mimi inawaua, hii imewaponya, nimeona kwa macho yangu. Akaivuta simu, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole kwa kuwa ncha hainyooki, akanionyesha video yangu mwenyewe. Huwaonyesha na wale wateja anaowarudisha. Anawaambia wampe muda kidogo.

Nilimbembeleza, nikamkaripia, mwisho nikalia. Wapi. Mimi ndiye ninayeshinda na ugonjwa huu kazini, lakini kwa mama bado ni yule mtoto aliyekuwa akiogopa kuku. Wewe ukimtumia sauti ya nusu dakika kutoka juu ya lifti, upepo unavuma, maneno nusu hayasikiki, anaisikiliza mpaka shangazi anaikariri. Inaniuma. Nakuambia waziwazi bila kuzunguka, inaniuma sana.

Kliniki alikubali kwenda baada ya mimi kumwambia ni kupiga picha ya mkono tu. Daktari wa kule ni mama mmoja mpole, asiyependa maneno mengi. Alisema bado kuna cha kuokoa. Akirudi kwenye vidonge uvimbe utashuka, na kutapika kutapungua kwa kidonge kingine ambacho atamwongezea kusindikiza vile. Ila kiungo kikishaliwa hakirudi, na ule mkono wa kulia hauna tena muda wa kuchezea. Mama akaitikia kwa adabu, akapokea vidonge, akamshukuru. Tulipofika nyumbani akavipeleka chumbani. Sijui viko kwenye kopo gani sasa hivi.

Nikarudi kazini nikiwa na tumaini moja limebaki, la kijinga, kwamba huenda majike wangekuokoa wewe na mimi. Ijumaa tukafungua siri ya kura ili tujue vizimba vipi vilipata dawa na vipi maji. Hapakuwa na tofauti. Tukadhani tumekosea kupima, tukapima upya. Vilevile. Ile dawa iliyowainua madume vijana wakakwea waya haikumsaidia jike hata mmoja. Baba Wote aliinama, akaacha chakula palepale sakafuni. Bosi anataka turudie mwaka ujao kwa dozi kubwa zaidi, na amesema habari hizi zisitoke nje. Wewe si mtu wa nje. Lakini ukiziweka na hizi kwenye grupu, itabidi utafute mdogo mwingine.

Sasa nikuulize kwa kazi yako, maana naona ya kwangu huielewi. Uliwahi kunieleza kwamba ukimaliza kufunga lifti unaipakia magunia ya mchanga, unaipandisha na kuishusha, kisha unaipandisha tena, kabla mtu yeyote hajaingia. Siku magunia yanapofika salama ghorofani kwa mara ya kwanza, huwa unampigia simu mama mzee anayekaa juu umwambie bomoa ngazi, lifti ipo? Wale panya ni magunia ya mchanga, kaka. Walituonyesha kwamba kamba haikukatika kwa safari ile moja. Wewe ukaenda ukambomolea mama ngazi.

Nimejaribu kukasirika peke yangu nimeshindwa. Mama hana dawa yangu kwa sababu haipo, na hana ya kliniki kwa sababu anaisubiri yangu. Jana nilipokuwa nikiwapima panya wa maji ndipo liliponijia, na tangu hapo halinitoki: mama yuko kwenye kizimba cha maji. Wale panya angalau tuliwapigia kura. Mama hakupigiwa kura. Tumemweka mimi na video yangu, na wewe na mdomo wako usio na breki.

Basi ninachotaka kwako ni kimoja. Mpigie. Sio kwenye grupu, sio sauti ya kurekodi. Piga ya kuonana, auone uso wako. Mwambie umekosea. Usianze na dada amesema, kwa sababu ukinitaja tu atajua nimekushitakia na hatasikia kingine. Sema mwenyewe kwamba dawa haipo, haiko njiani, na hata ikija kupatikana haitaukuta mkono ule ukiwa mzima kama hatanywa vidonge. Atanuna. Atakukatia simu. Piga tena. Atatapika Jumapili mbili tatu, na shangazi ameahidi kukaa naye. Siku ya vidonge ni Jumamosi, kwa hiyo ukiipata tu barua hii, piga Ijumaa jioni inayofuata, kabla hajapata sababu.

Najua hujazoea kumwambia mama kitu kibaya. Wewe umezoea kuleta habari njema, ndiyo maana tulikuita Mheshimiwa. Safari hii utavumilia kama sisi tulio karibu tunavyovumilia.

Mimi kazi siachi. Kesho asubuhi majike watanisubiri, na Baba Wote ameshaniambia nisiingie mle na uso huu, maana panya wananusa mtu aliyekasirika. Sijui kama ni kweli. Nitajitahidi.

Nisalimie sana wifi, na umshukuru kwa viatu, vimenikaa vizuri. Wale wawili waambie Shangazi Panya anawabusu, na kwamba hapana, siwezi kuwatumia panya kwa posta. Shangazi anakusalimia na anasema unenepe. Baba Wote naye anakusalimia ingawa hajawahi kukuona. Mungu akushike huko juu unakopanda kila siku, akurudishe chini salama kwa watoto wako, na Ijumaa akupe ulimi wa kusema lililo gumu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo ambapo nimekasirika nawe mpaka basi,

Yule aliyekuwa akiogopa kuku.

Nilikuwa nimesahau. Shati lako limo kwenye kifurushi hiki. Vifungo viwili vya juu ameshona mama. Alianza baada ya chai ya asubuhi, akamaliza wakati wa chakula cha mchana, akitoka na kurudi ili nisimwone anavyokamata sindano kwa meno. Vimekaa upande. Wewe unakumbuka alikuwa akifumua ukanda mzima wa mbele kwa ajili ya kifungo kimoja kilichokaa upande. Vile vya chini alivyonipa mimi sikuvishona. Vimo kwenye mfuko wa kifua. Usimpe fundi wa huko, na wifi naye asiviguse. Ukija likizo mwisho wa mwaka, lete shati na vifungo vyake, umkabidhi mama. Akiweza kuvishona, nitajua kwamba Ijumaa ulipiga simu.