Mwizi wa Koti Refu

Jumatatu, 21 Julai 2025

Ukungu mpaka saa nne. Baridi ya kishenzi. Nimefagia banda la sinema, nimejaribu kipaza sauti. Sauti yangu iko palepale, tamu. Karatu nzima hakuna anayetafsiri sinema kama mimi, na Kidato cha Pili sikumaliza. Wachina nawapa Kiswahili, Wahindi nawapa Kiswahili. Bosi Hamadi, mwenye banda, kaleta flashi mpya kutoka Arusha. Ndani mna sinema moja ya Waingereza wa zamani, haina hata rangi. Nimeionja kidogo nikasinzia. Ngumi hakuna. Wanakunywa chai tu.

Jumatano, 23 Julai

Bosi kataka ile ya Waingereza. Nikaiweka nusu ya kwanza bila kuipitia. Fundi hahitaji mazoezi. Kizungu chenyewe wanakitafuna kama wana viazi vya moto mdomoni, sikuambulia kitu. Tajiri kauawa nyumbani kwake. Halafu kuna jamaa wa koti refu, anaingia nyumba za watu, anashikashika vitu vya watu, anaondoka. Nikawaambia watazamaji huyo ndiye mwizi, na ndiye kaua. Nikampa na jina, Mzee Kunguru. Watu walicheka mpaka mabati yakalia. Nikakata patamu, kama kawaida yetu, ili warudi Ijumaa, siku ya mnada. Najipenda.

Alhamisi, 24 Julai

Leo nimeitazama mpaka mwisho, peke yangu. Nimekwisha. Mzee Kunguru ni mpelelezi. Yeye ndiye anamfunga pingu muuaji, mpwa wa tajiri.

Nimembembeleza Bosi kesho tuweke ya Wachina. Kakataa. Anasema mji mzima unabishana kuhusu Kunguru, hajawahi kuona. Akaongeza kwamba wateja wakinizomea, kipaza sauti anampa Deo wa duka la simu. Deo. Ana cheti cha Kidato cha Nne na sauti ya mbuzi. Kile kipaza ndicho kitu pekee ninachokiweza duniani.

Kwa mama ntilie nikamkuta Mzee Saning'o, kaja na ng'ombe wake kutoka Olbalbal kuuza mnadani. Jana alikuwepo bandani. Akanianza mbele ya watu, akiniita kwa Kimaasai mvulana asiyetahiriwa.

"Wewe layoni, yule si mwizi. Mwizi hakai akamaliza chai."

Nikamuuliza anajuaje. Akasema kwao ng'ombe wakiibwa, mwenye mali hatangazi. Anaingia boma moja moja kama mgeni, anaulizia mvua, anakunywa chai, macho yako kwenye masikio ya ng'ombe anatafuta alama yake. Anaweza kulala hapo hata mara mbili. Akasema sinema zangu za ngumi ni za watoto kama mimi, hii ndiyo ya wanaume.

Mimi, fundi, nikalipa chai nikaondoka.

Ijumaa, 25 Julai

Baada ya swala banda lilifurika. Shuka nyekundu mpaka mlangoni, harufu ya mifugo. Deo naye kasimama pale, kanyoa. Pingu zilipotoka watu wakaguna. Mmoja akauliza kwa sauti tangu lini mwizi anamfunga mtu. Nikaogopa kweli. Kunguru akafungua mdomo, nami nikamsemea taratibu:

"Mlinidhania mwizi. Mimi ni mgeni tu, naulizia mvua. Nimekunywa chai kwenu nyote, huku nikitazama masikio."

Halafu fimbo ya Mzee Saning'o ikagonga sakafu. Zikafuata fimbo zote. Wakadai irudiwe kutoka mwanzo, na chai yote ile, na wakakaa. Nilipotazama mlangoni, Deo hayupo. Bosi hakunisifu. Kaniletea mishikaki na ndizi za kuchoma, akasema nile kabla hazijapoa.

Jumamosi, 26 Julai

Mnada umekwisha, mji umetulia. Nimefagia maganda ya karanga. Ukungu umeingia mpaka ndani. Hakuna mteja. Nikaiweka ile sinema, nikakaa benchi la mbele na kikombe changu, kipaza sauti nimekizima. Jamaa anakunywa chai, anatazama. Nami nikanywa yangu, nikatazama mpaka sinema ikaisha.