Ubao wa Kaka Yako

Mwanangu mpendwa,

Kuku wameanza kutaga, na fundi ameziba bati la jikoni.

Unauliza utaendaje kwenye mashindano ya kimataifa ya motokrosi ya ridhaa, hizo mbio zenu za pikipiki, wakati marehemu kaka yako hayupo kukushikia ubao wa maelekezo kando ya njia.

Ubao uko nyuma ya mlango wa chumba chake. Neno alilokuandikia mara ya mwisho bado lipo: "Pumua." Alikuwa akiniambia huku anacheka, "Mama, huyu dada akirusha pikipiki hubana pumzi kama anapiga mbizi."

Tangu tumzike, nimekuwa nikilisoma kila asubuhi, nami napumua.

Nenda, mwanangu. Nimeshaomba ruhusa kazini. Ubao nitaushika mimi. Neno lake sitalifuta.

Akuombeaye,
Mama yako