Kiajemi Nilichomsomea Mama

Shiraz

Mdogo wangu Rukia,

Marahaba, kwa ile shikamoo ambayo najua umeitamka ulipouona mwandiko wangu. Vipi magoti yako na ngazi za nyumba yetu ya Kiponda? Mimi kifua kimeshanikataa, na tabibu wa hapa ananitazama kwa huruma, kitu nisichokipenda. Nisikilize nikiwa bado nashika kalamu.

Nilipoondoka Unguja baada ya mapinduzi nilijigamba kuwa nakwenda kwetu Uajemi. Kwetu! Mtu aliyezaliwa Kiponda, akakuzwa kwa mkate wa kumimina. Nikafika hapa kwa Parvin, binti wa Mama Mkubwa Zeinabu, nikafungua mdomo kusema Kiajemi, nyumba nzima ikacheka. Mkwewe aliuliza, nilikuja kuelezwa baadaye, "Mzee huyu anazungumza au anasoma khitma?"

Basi mimi, mwalimu wa skuli, nikafundishwa kuomba chai na chumvi. Parvin huinua bilauri, "Sema!" Nisiposema, chai haiji. Ana ulimi wa pilipili, na watu wa nyumba yake wanajiona wao ndio walioiumba adabu. Siku ya Nairuzi, mwaka wao mpya, akaniuliza kama na sisi tunaijua. Ikanibidi nijibu kuwa wanaoiadhimisha ni watu wa Makunduchi, wale wale niliokuwa nikiwaita washamba.

"Basi hao ndio jamaa zangu," akasema. "Wewe sijui ni nani."

Polepole nikaweza kuzungumza. Mchana mmoja, tukichambua dengu, akasema maneno niliyoyaelewa yote bila kubahatisha:

"Mama yako alikuwa na moyo wa jiwe. Mama yangu alimsamehe kwa kukataa kumuaga siku alipohama Unguja. Barua tatu niliziandika kwa mkono huu. Hakujibu hata moja. Mama amekufa akingoja."

Rukia, unazikumbuka barua hizo. Mama huvaa kanga mpya, majirani huitwa, nami hukaa kwenye kiti cha Baba nikisoma kwa madaha. Herufi nyingi ni zile zile tulizosomea Kurani chuoni, kuzitamka hakunishindi. Maana sikuijua. Nilikwenda siku tatu tu kwa Ajemi mmoja wa mtaa wa Malindi anifundishe, nikamdharau kwa kuwa ni mwokaji mikate, nikaacha. Kwa hiyo nilidaka neno la Kiarabu hapa na pale, yaliyobaki nikayatunga: mvua, zabibu, salamu. Na nyinyi mkiitikia "Mashaallah!" kama kuku waliomwagiwa mchele. Mama peke yake ndiye aliyeuliza.

"Mwanangu, hajasema kuwa kanisamehe?"

"La, Mama. Anakusalimu tu."

"Hebu nsomee tena."

Nikasoma tena, uongo ule ule. Majibu aliyonituma niandike sikuyaandika, maana ningeyaandika kwa lugha gani? Yule mwokaji angemsomea yote kwa kitambo kidogo, bure. Niliona aibu kumpelekea. Mama akafa akiamini dada yake hataki hata kulisikia jina lake.

Nilimweleza Parvin. Akaweka sinia chini.

"Hata moja hukuielewa?"

"Hata moja."

Tangu siku hiyo analeta chakula, hasemi. Nimejifunza lugha nzima ili ninyamaziwe.

Barua zimo katika kasha la Mama. Usizichome. Na majirani wakikusifia kuwa kakako alikuwa bingwa wa Kiajemi, waambie alikuwa kasuku, tena kasuku mwongo. Kisha nenda kaburini, umwambie Mama kuwa alisamehewa mara tatu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo mwenye subira. Na binti yako mkubwa, niliyempa jina la Kiajemi nisilojua maana yake. Na yule mjane wa nyumba ya pili aliyekuwa akilia kila nikisoma. Maskini, alikuwa akililia zabibu.

Wala usinisamehe haraka kwa kuwa nakufa. Tafuta kwanza mtu anayejua, ukae pale alipokaa Mama, akusomee zote tatu, neno kwa neno. Ukishasikia, kama moyo wako bado utakubali, niite kaka.

Mwana wa mama yako,
Haidari