Kaneno ka Mwisho

Jumatatu, 6 Machi 2006

Siku ya kwanza kazini, Kilimani. Kazi ya simu. Tunawapigia Waingereza nyumbani kwao na kuwauzia bima ya boila — mtambo wa kupasha nyumba joto. Sijawahi kuona boila. Jina langu nalo limebaki getini. Naliaka ni gumu kwa mteja, amesema Jackie, mwalimu wetu. Kuanzia leo mimi ni Nelly. Ptuu!

Jackie ameishi Uingereza na hataki tusahau. Ameniuliza kuzima moto ni nini kwa Kiingereza. Nikajibu kwa kujiamini: extinguish. Mimi niliyekuwa wa kwanza kwa Kiingereza shule nzima! Darasa likaangua kicheko.

"Wacha bombastic, Nelly. Nani anaongea hivyo kwa nyumba yake? Sema put out."

Kuahirisha, put off. Kuvumilia, put up with. Put, put, put — kama pikipiki mbovu. Kumbe yale maneno marefu tuliyomezeshwa kwa kiboko, wenyewe hawayataki. Wanaongea kwa vipande. Subiri kidogo, eti ni hang on. Ning'inia! Kwetu kinachoning'inia ni nguo kwenye kamba.

Lakini nitaning'inia. Jumatatu ijayo ndiyo siku ya kuthibitishwa. Nikikosa, narudi kwetu Webuye. Anti ameshasema chumba chake cha nje hapa Mountain View kimepata mpangaji.

Jumanne, 7 Machi

Leo ni mikia. Jackie anasema kitenzi si kitu, maana yote iko kwenye kale kaneno ka mwisho. Taa ikiwaka, it's come on. Kitasa kiking'oka, it's come off. Mtu akizimia, he's passed out. Akizinduka, he's come round. Nimekariri nikipika, nikifua. Anti alidhani nasali.

Kibe, tunayekaa naye meza moja, anasema nipunguze hasira. Kwani sisi hatupigi simu, hatupigi pasi, hatupigi magoti, na hakuna anayeumia? Nimemnunia. Amesema kweli, ndiyo maana nimenuna.

Alhamisi, 9 Machi

Leo tumepiga simu za kweli! Sauti inapitia setelaiti. Inakwenda mbinguni kwanza, inachelewa, inarudi imekatwa miguu.

Niliomba kuongea na Mister Walter. Akapokea mkewe, mama mzee, Doreen. Akasema, he's passed — halafu mkwaruzo. Passed! Hili si nalijua? Nikaruka kama mtahiniwa aliyekuta swali alilolisoma usiku.

"Oh! I hope he comes round soon."

Kimya. Nikadhani ni setelaiti. Kisha akasema polepole, "So do I, love." Hata mimi natamani hivyo, mpenzi. Akaniuliza kama huku nilipo kuna jua. Nikasema lipo, na mvua ilikuwa inapiga dirisha. Hakununua kitu, ila tuliagana vizuri. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 10 Machi

Passed away.

Mzee alikuwa amefariki. Wamemzika juzi tu. Nami nikamtakia mjane wake mumewe azinduke upesi.

Nimejuaje? Jackie ameichezesha rekodi ya simu yangu mbele ya wote, ile inayonaswa kule kule Uingereza, haina mkwaruzo. Mara mbili. Wamecheka hadi Kibe akafuta machozi. Sauti moja kule nyuma ikasema atazinduka Yesu akirudi, wakaanza upya. Kwetu msiba ukiingia, hata jirani mliyegombana naye huzima redio. Hawa walikuwa wanakula chipsi juu ya marehemu! Nimeenda chooni nikatapika chai yote.

Tena si wao walionichefua zaidi. Ni mimi. Walipocheka, na mimi nilicheka kidogo. Ili wasinione mshamba. Uchafu mtupu.

Jumamosi, 11 Machi

Sitaki kusikia Kiingereza. Anti aliwasha habari, nikatoka nje.

Jumatatu, 13 Machi

Doreen amepiga simu mwenyewe. Amemtaka Nelly.

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. Amesema tangu mazishi watu wote wanamnong'oneza kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Mimi tu ndiye niliyelitamka lile analoliomba kila asubuhi. 

Halafu akasema boila. It's gone out. Imezimika tangu jana, na aliyejua kuiwasha alikuwa Walter. Amejifunika koti la marehemu, huko kwao ni baridi.

Jackie alikuwa ameshavaa spika za masikioni, anasikiliza. Akainama. "Huyu ni rahisi. Mwambie imekufa, anahitaji bima leo leo ndipo fundi aje. Mfunge, na jioni umethibitishwa. Ukimwacha aende, kesho usijisumbue kuja."

Mfunge! Eti ndiyo kukamilisha mauzo. Mjane, kama mbuzi.

Sasa, kwenye karatasi za mafunzo imeandikwa kwamba mara nyingi boila haijafa. Ni kale kamoto kadogo ndani yake kamezimika. Ukifinya kitufe chekundu na kukishikilia kidogo, kanawaka. Chini yake imeandikwa mteja asiambiwe. Nimemwambia. Imenitoka tu. Shuka, Doreen, utafute kitufe chekundu.

"Hang on, love," akasema. Ameiacha simu mezani, ameshuka. Laini iko wazi, ndiyo maana naandika. Nasikia saa ya ukutani ya nyumba yake. Nyumba nzima ya mtu sikioni mwangu.

Jackie hajakata. Amekunja mikono nyuma yangu. Anasema kasipowaka, nimuuzie hapo hapo, na haya niliyoyaropoka atayasahau. Kakiwaka, nichukue mkoba wangu.

Naomba kawake. Mama wa watu apate joto. Halafu naiona njia ya Webuye, mama yangu akinipokea begi bila kuuliza kitu, na najikuta naomba kasiwake. Ndiyo, nimeomba hivyo. Najinukia mwenyewe.

Nyayo. Anapanda ngazi. Anahema. Ameshika simu.

"Nelly, love? It's come —"

Mkwaruzo.

Come nini? On? Off? Kamewaka, au kitufe kimeng'okea mkononi mwake? Jackie ananipumulia shingoni. Kibe ameacha kutafuna. Sote tumetazama simu, tunangoja mbingu ziteremshe kaneno ka mwisho.