Ng'ombe Aliyelala kwa Mama Haika

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tena asubuhi. Nimehamia kwenye betri na bando la simu. Bando langu. Wenzangu wa Dar wana intaneti ya ofisi, feni ya ofisi na wali wa mchana wa ofisi. Mimi nina migomba.

Madai thelathini na nane nimeyamaliza leo. Wao watatu kwa pamoja hamsini na moja. Kumi na saba kila mmoja. Mwisho wa mwezi tutasifiwa kama timu.

Mtu anakata bima ya ng'ombe kwa simu, ng'ombe anakufa, anatuma picha. Mimi hapa Uru, juu ya Moshi, nakagua, kampuni inalipa au hailipi. Kazi hii niliisomea mwenyewe, ada ilitoka kwenye mayai ya kuku wangu, baada ya miaka ya ukarani kwenye chama cha kahawa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Katikati ya kikao Mama akaingia chumbani. "Aika, kakate majani ya ng'ombe. Si umekaa tu?" Kamera wazi, watu kumi na mmoja wanamsikia. Kelvin, bosi wangu, alicheka mpaka akafunika mdomo.

Jumatano, 5 Machi

Ng'ombe wa Mzee Eliya amekufa. Tumbo lilijaa gesi. Dai limeingia kwangu mchana. Picha safi, namba ya hereni ya sikioni ndiyo ile tuliyoiandikisha. Mimi ndiye niliyemwandikisha, nje ya kanisa baada ya ibada, yeye na wengine wengi. Walikubali kwa sababu ni mimi, mtoto wa hapa.

Mfumo umewasha nyekundu. Picha imepigwa kilomita mbili kutoka nyumbani kwa mwenye ng'ombe. Bila shaka. Ng'ombe alikuwa kwa Mama Haika, mjane wa kule chini karibu na mto. Mzee ana ng'ombe wanne na banda la wawili, kwa hiyo wengine amewekesha kwa watu. Mama Haika anakata majani, anakamua. Maziwa na mbolea ni vyake, ng'ombe anabaki wa Mzee. Babu yangu alifanya hivyo, na baba yake kabla yake. Ugonjwa ukiingia banda moja hauwamalizi wote. Hiyo ni bima kamili, haina tu nembo.

Nimeandika maelezo, nimepitisha. Madai ya namna hii kutoka Uru sasa yamefika tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao. Kelvin kayaweka yale tisa kwenye kioo, yote mekundu.

"Dada Aika, yaani ng'ombe ni wa huyu, anaishi kwa yule, na hakuna mkataba?"

Nikasema hakuna. Wanafahamiana.

"Sasa tutajuaje kama hawamzungushi ng'ombe mmoja kwa watu tisa?"

Nikasema hereni tisa, namba tisa, mizoga tisa. Mmoja akaandika pembeni, kila mtu akaona: Huko Moshi hata ng'ombe wamepanga. Vikatuni vya njano vya kucheka vikapanda kwenye kioo kama mapovu.

Nikaeleza tangu mwanzo, taratibu, kama ninayefundisha watoto. Kelvin akasema ni stori nzuri sana ila mfumo hauisomi. Mahali tofauti ni udanganyifu. "Na wewe, dada yangu, uko karibu nao mno."

Waliponiajiri walisema wananichukua kwa sababu niko karibu nao.

Jumatatu, 10 Machi

Kompyuta imeikataa nywila yangu. Nikadhani mtandao. Nikaongeza bando. Nikazima, nikawasha. Nikapanda hadi juu ya kihamba, shamba letu la migomba, mtandao unaposhika vizuri, kompyuta mkononi kama ungo. Ndipo nikaelewa. Kumbe kufukuzwa kwa mtu wa mbali ndiko huku. Hakuna mlango wa kufunga, hakuna anayekuona ukitoka na mfuko wako.

Kelvin hakupokea simu mpaka mara ya nne. Anasema si kufukuzwa, ni uchunguzi. Mshahara umesimama "kidogo".

Sijamwambia Mama. Nimekaa mbele ya kioo cheusi mpaka jioni ili asiniulize. Kwa majirani hakuna kilichobadilika. Jana nilikuwa nyumbani, leo niko nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Mzee Eliya alikuja asubuhi na fimbo yake. Shikamoo, marahaba. Hakukaa. Amepata ujumbe: dai limekataliwa, ng'ombe hakuwa mahali alipoandikishwa.

"Kampuni yenu inataka ng'ombe alale na mimi kitandani?"

Sikucheka, na yeye hakuwa anatania. Akaniuliza kama mimi nilimwona ng'ombe. Nikasema niliona picha. "Picha," akasema, akatazama migomba. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama Mama Haika anaweza kuwa alimuuza wa kweli na kuua mwingine. Kwa sababu kampuni kubwa ya Dar haiwezi kusema uongo hivi hivi.

Nikamwambia namba ya hereni ililingana. Akasema hereni inatoka.

Nina hasira naye pia. Yeye na Mama Haika wamefahamiana miaka yote hiyo, ujumbe mmoja wa simu umetosha.

Alhamisi, 13 Machi

Kelvin kapiga mwenyewe. Sauti tamu. Uchunguzi unaweza kuisha Jumatatu. Nitie saini tu kwamba wateja wa Uru walinidanganya, yale tisa ni ya uongo, mimi sikujua. Kazi inarudi, mshahara unarudi, na kuna nafasi ya usimamizi wa kanda.

Nikamuuliza watu tisa itakuwaje kwao. Akasema wataingia kwenye orodha ya wadanganyifu. Hakuna bima nyingine itakayowapokea. Lakini watu wenyewe tisa tu, dada.

Nimepiga hesabu. Mshahara wangu unalipa dawa ya presha ya Mama, unalipa mkopo wa paa, unalipa ada ya mdogo wangu chuoni. Kahawa na kuku havifiki hata theluthi. Upande wa pili kuna watu tisa ambao kampuni haitawalipa hata nisiposaini. Kila ninavyoigeuza, hesabu inasema saini.

Sijawahi kuichukia hesabu kama leo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeteremka kwa Mama Haika. Nilitaka kumwona kabla ya kusaini. Sijui nilitafuta nini, labda nilitaka kumkuta ana kosa.

Banda limeoshwa mpaka linang'aa, halina kitu. Majani aliyokata siku ile bado yako pale, yamekauka. Akanipa kiti, akanipa chai ya rangi, akaomba radhi kwamba haina maziwa.

Anasema Mzee Eliya hajamletea ng'ombe mwingine. Mwalimu mstaafu aliyekuwa amemwahidi mtamba naye kabadilisha mawazo. Kanisani wanawake wanamsalimia wakiwa wameshatazama kwingine. "Aika, nilimwita Mzee kabla ng'ombe hajakata roho. Nilimwita akiwa bado anapumua. Wewe unaelewa." Ndiyo. Huku, aliyewekeshwa lazima amwite mwenyewe aje aone kwa macho yake. Mzee alikuwa hospitalini siku hiyo, akamtuma mwanawe, na mwanawe akafika ng'ombe ameshachunwa.

Maziwa yale ndiyo yalikuwa sabuni yake, chumvi yake, mafuta yake ya taa. Hajui kama kuna karatasi inayosubiri saini yangu. Nikisaini, atakuwa mwizi kwa maandishi, na maandishi hayo yatakuwa na jina la mtoto wa hapa.

Alinisindikiza mpaka darajani.

Jumapili, 16 Machi

Sijasaini. Nimemwandikia Kelvin mistari mitatu: ng'ombe tisa walikuwepo, walikufa, wenyewe ni wale wale. Amejibu neno moja la Kiingereza, maana yake sawa.

Baada ya ibada nikamshika Mzee Eliya mkono, nikampeleka alipokuwa Mama Haika, mbele ya wazee wengine. Nikasema kwa mdomo wangu kwamba ng'ombe yule ni yule yule, na kwamba nimeachishwa kazi kwa kukataa kusema vinginevyo. Mzee aliangalia viatu vyake. Mama Haika akaanza kulia, nikaondoka, sipendi.

Nyumbani nikamwambia Mama. Akaacha kumenya ndizi.

"Kwani ile ilikuwa kazi?"

Miaka mitatu.

Jumanne, 18 Machi

Mzee Eliya amempelekea Mama Haika mtamba. Mwekundu, ana mimba. Nimemwona akipitishwa barabarani kwa kamba. Mzee alininyooshea fimbo kwa mbali, ndiyo shukrani yenyewe.

Mama Haika kapata ng'ombe, mimi nimepoteza mshahara. Sina wivu. Nina hasira tu, na haina mahali pa kwenda. Huwezi kwenda kupiga meza ya mtu aliye Dar.

Ujumbe kutoka kampuni: nirudishe kompyuta, gharama ni yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeshuka mjini, ofisi ya vifurushi ya basi. Nimeifunga kompyuta kwa kitenge cha zamani ndani ya boksi la sabuni. Karani kijana mwenye adabu. Akaandika jina la anayepokea, akauliza ndani kuna nini, akauliza thamani yake.

"Dada, nikuwekee na bima ya mzigo? Ukipotea unalipwa."

Nikamwambia hapana, asante.

Nikapita sokoni Mbuyuni, nikanunua dagaa na sabuni ya kufulia. Huku juu mvua ilikuwa imeanza. Mezani, mahali pa kompyuta palikuwa na alama ya vumbi ya pembe nne. Nimeifuta. Mama ameweka hapo sinia la maharage, nimekaa, ninachambua.